Kiti cha Unga

Unga hauchezewi, na atakayeuchezea, siku hiyo hali ugali. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba ya mzee Simeon, na hapakuwa na mtu wa ukoo wake aliyehitaji kuambiwa mara ya pili. Wanawe waliijua kabla ya kuijua Sala ya Bwana. Wakaza wanawe waliisikia siku ile ile walipoletwa. Hata wageni, wakikaa siku mbili, waliondoka wakiijua.

Mtu wa kabila jingine akiisikia adhabu hiyo huenda akacheka, kwa maana waweza kumnyima mtu ugali ukampa nyama na viazi, naye akashiba. Lakini Mmaragoli, mtu wa kabila la Simeon, aliyekula nyama pasipo ugali atakuambia kwamba hajala. Amedokoa tu. Kwake huko ni kulala njaa, hata kama tumbo limejaa.

Mwaka huo wa tisini na nne sheria ilikazwa zaidi. Unga mweupe uliadimika madukani, ukaja ule wa njano, ambao watu waliununua huku wakiutukana. Simeon hakuutukana. Alisema kwamba chakula hakitukanwi, na kwamba aliyefundishwa useremala na wamishenari akala makombo ya shambani mwao hana ruhusa ya kuchagua rangi ya unga.

Yeye na mkewe Kavetsa walipanga Kianda, katika Kibera, chumba cha mabati chenye sakafu ya saruji. Mwanawe Shivachi, fundi wa kupiga plasta, alipanga Kabiro, katika Kawangware, chumba kimoja cha udongo pamoja na mkewe Sella na binti yao Mercyline, mwenye umri wa miaka minne. Simeon aliwatembelea mara kwa mara, kwa miguu, lakini hakuwahi kuukanyaga mlango wao. Baba mkwe haingii chumba anacholala mkaza mwana wake. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na wakiwa na neno huliweka kinywani mwa mtu wa tatu. Kwa sababu hiyo Simeon alikuwa akikohoa kwa nguvu akifika pembeni mwa ploti, ili Sella apate nafasi ya kwenda nyuma ya pazia. Kisha Mercyline humtolea kigoda, naye huketi nje, karibu na kizingiti.

Hapo ndipo alipoliona tundu.

Lilikuwa kando ya fremu ya mlango, kimo cha mtoto aliyeketi. Simeon alilichungulia kwa jicho la fundi. Halikuwa tundu la panya, maana kingo zake zilikuwa laini na zenye alama za kucha.

"Mercyline," aliuliza, "nani anachimba hapa?"

"Mimi, Guga," alijibu, kama watoto wa kwao wawaitavyo babu zao.

"Na udongo unaupeleka wapi?"

Mtoto akafungua kinywa akamwonyesha.

Simeon hakumkaripia. Alikohoa, ingawa watu wote walikwisha kujua kwamba yupo. "Mwulize mama yako, nesi alisema nini?"

"Mama, Guga anauliza nesi alisema nini?"

Sauti ya Sella ilitoka nyuma ya pazia, ya chini, yenye adabu. "Mwambie Guga, nesi alisema minyoo imerudi tena, na damu imepungua. Alisema tukishindwa kumwachisha udongo, tutamlaza hospitali."

"Mwulize, baba yako amefanya nini?"

"Mwambie, baba yako alikandika kwa saruji. Mtoto akahamia pembeni ya saruji. Tukapaka pilipili. Akakuna chini ya pilipili."

Jirani yao Amondi, mwanamke wa Kijaluo aliyekaanga samaki mbele ya mlango wa pili, alikuwa akisikiliza bila kujificha. "Mzee, huyu mtoto atamaliza hii ploti yote," alisema. "Mwisho wa mwezi landilodi atakuja apate tumepanga hewa."

Simeon hakucheka. Alitoa kisanduku cha kiberiti mfukoni, akakisimamisha wima ndani ya tundu. Kilikwama kidogo juu na chini, kikakaa. Akakitoa, akakirudisha mfukoni.

"Nyumbani kwangu hakuna udongo," alisema, safari hii bila kumtuma mtoto. "Chini ni saruji, ukutani ni bati. Nitarudi. Nikikisimamisha kiberiti hiki kikalegea, tundu limekua, nami nitaondoka na mtoto. Atakaa kwa nyanya yake mpaka meno yake yasahau. Sisemi kwa hasira."

Na kweli hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha Sella. Mtu wa hasira hubembelezwa. Nyuma ya pazia alisikia kigoda kikirudishwa mahali pake, na viatu vya mkwewe vikiondoka kwa mwendo ule ule aliokuja nao.

Tangu saa hiyo Sella hakutulia. Kila mwanamume aliyekohoa barabarani alimwinua kutoka kwenye beseni. Alinunua kiberiti cha aina ile ile, akawa akikipima tunduni kabla ya kwenda kazini, na tena arudipo, na tena akisha kuweka maji motoni. Shivachi alimwambia kwamba mtu haponi kwa kupimwa homa mara kwa mara. Sella alimjibu kwamba yeye Shivachi ndiye aliyezaa mtoto wa kula nyumba, basi anyamaze.

Kwa siku kadhaa za juma Sella alifua nguo katika nyumba moja kubwa upande wa Lavington. Huko aliwahi kuwaona watoto wa tajiri wake wameketi sakafuni, wakifinyanga donge jekundu na donge la buluu, wakitengeneza nyoka na sahani. Hakuwa amelitia maanani. Sasa alimwuliza mpishi, naye akamweleza kwamba ni unga wa ngano, maji, mafuta, rangi, na chumvi nyingi sana ili lisioze. "Ukilionja utatema," mpishi alisema.

Sella akaona hapo kuna hekima. Alikwisha kumwangalia bintiye: Mercyline hakuanza kwa kula. Alianza kwa vidole. Aliubonyeza udongo, akauviringisha, akautazama, kisha ukaenda kinywani kama kitu kilichokwisha kuiva. Vidole vikipewa kazi nyingine, na kazi hiyo ikiwa chungu mdomoni, basi ukuta utapona.

Alitengeneza donge la chumvi siku hiyo hiyo, kwa kikombe cha unga wa ngano alichomwomba Amondi. Akampa mtoto, akaenda kuanika nguo. Aliporudi, donge lilikuwa limekwisha. Mercyline alikuwa akilamba viganja.

Hapo ndipo Sella alipotambua kosa lake. Mtoto anayelamba ukuta hutafuta chumvi ile ile iliyo ukutani. Alikuwa amempa kwa mkono wake kile kinachomvuta. Mercyline alikunywa maji kikombe juu ya kikombe, akatapika mpaka akawa hana nguvu ya kulia, na Sella akambeba huku na huku uani, asiweze kuketi wala kusimama.

"Mama Mercy, huyo ni kama ng'ombe wa kwetu," Amondi alisema, akimpokea mtoto begani ili Sella apumue. "Akiona chumvi anaenda. Sasa wewe unafunga ng'ombe na chumvi?"

"Nilidhani atatema."

"Hatemi. Hata mawe ya kula ya wenye mimba huyu anaweza kumaliza gunia." Akampangusa mtoto mdomo. "Mimi nasema hivi. Kama lazima atakula tu, mpe kitu cha kuliwa."

Neno hilo lilikaa moyoni mwa Sella kama kokoto katika kiatu. Kitu cha kuliwa. Katika chumba chake kitu cha kuliwa kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa ndani ya mkebe juu ya kabati, cha njano, na kilikuwa na sheria.

Shivachi alipotoka kazini alimkuta mkewe anasonga ugali mdogo wa kutosha kiganja kimoja.

"Ni wa nani huo?"

"Ni wa kuchezewa."

Shivachi aliketi kitandani na viatu vyake vyenye plasta. "Sella. Sheria unaijua."

"Naijua. Na kiberiti nakijua."

"Baba akisikia unga umefanywa mchezo mwaka huu, hatachukua mtoto peke yake. Atanichukua na mimi anirudishe darasa la kwanza."

"Basi utafua sare yako mwenyewe," Sella alisema, akaendelea kusonga.

Lakini ugali ule ulipopoa ulipasuka. Unga wa mahindi hauna mnato wa ngano. Mercyline alipouviringisha ulivunjika vipande vikavu, akavitazama kwa dharau, akaelekea mlangoni kwenye tundu lake. Sella aliongeza maji, ukawa uji. Akapunguza, ukavunjika tena. Aliusonga kwa mafuta, ukateleza lakini haukushikana. Alikasirika hata akaogopa hasira yake, kwa sababu kila donge lililovunjika lilikuwa ni unga uliopotea, na kila unga uliopotea ulikuwa ni kosa juu ya kosa. Yaliyovunjika yote aliyachemsha yakawa uji, akaunywa yeye mwenyewe asubuhi, asiache hata tone.

Jumamosi alikuwa akipika mboga ya mrenda. Kila mtu wa kwao magharibi anajua jinsi mrenda unavyovutika: ukiinua mwiko, uzi mrefu hufuata, nao haukatiki upesi. Sella aliinua mwiko, akautazama uzi ule, akauteremsha. Akauinua tena. Kisha akaondoa sufuria motoni kabla ya kutia magadi, akayachuja maji yale mazito ya kijani katika bakuli, akafungua mkebe wa unga.

Aliyachemsha maji ya mrenda peke yake, akatia unga kidogo kidogo, akasonga kwa nguvu zake zote, akigandamiza donge kwenye ubavu wa sufuria kama afanyavyo mtu anayewasongea wageni wa heshima. Akatia sukari ya kuonja tu, na tone la mafuta. Chumvi hakutia. Lilipopoa alilifinya. Halikupasuka. Alilivuta, nalo likavutika kidogo kabla ya kukubali kukatika. Rangi yake ilikuwa kama ya jani changa. Sehemu nyingine aliisonga kwa maji yaliyochemshiwa bitiruti, ikawa nyekundu.

Mercyline aliketi nalo mlangoni, mgongo wake ukiwa umeuelekea ukuta. Alitengeneza nyoka. Alimtengenezea nyoka kofia. Kisha alimla nyoka kuanzia mkiani, bila haraka, akaacha kofia kwa kesho.

Kila siku tangu hapo Sella alipika donge dogo asubuhi, na kila jioni hapakuwa na kilichobaki, maana kilichochezewa kililiwa. Kiberiti kilipopimwa tunduni kilikwama kama kwanza. Lakini amani haikuja. Kwanza alihofia kwamba tundu litakua. Sasa alihofia kwamba mzee atauliza kwa nini halikukua. Alijizoeza majibu nyuma ya pazia, lile la kwanza la uongo, lile la pili la nusu uongo, na hakuna lililotoka vizuri kinywani. Alilelewa kanisani. Uongo wake ulikuwa na makengeza.

Kikohozi kilisikika Jumapili ya juma lililofuata, baada ya ibada. Sella alikuwa ameshika mwiko, akaenda nao nyuma ya pazia. Shivachi, aliyekuwa amelala, aliinuka akatoka nje kumwamkia baba yake, na Mercyline akaleta kigoda.

Simeon hakuketi kwanza. Alitoa kiberiti, akainama, akakisimamisha tunduni. Kilikwama. Akakigusa kwa kidole, hakikutikisika. Akakitoa, akakigeuza, akakirudisha upya, kwa maana seremala mwaminifu hapimi mara moja. Kilikwama vile vile.

"Vema," alisema, akaketi. Na nyuma ya pazia Sella akaushusha mwiko.

Mercyline alikuja na mkono mmoja umefichwa mgongoni. "Guga, nimekutengenezea kiti."

Kilikuwa kiti cha kijani kibichi, chenye miguu minne, mmoja mfupi. Simeon alikipokea katika kiganja. Alidhani ni udongo wa kijani wa madukani, ule wanaonunuliwa watoto wa matajiri, akadhani Sella amepewa mabaki huko afuapo. Akakisimamisha juu ya goti. Kikainama.

"Kiti hiki kitamwangusha mtu," alisema.

"Kirekebishe, Guga."

Alikirekebisha. Aliurefusha mguu mfupi kwa kuubonyeza kati ya vidole viwili. Kisha akaona kwamba egemeo halina ulalo, akalilaza. Kisha hakuweza kuiacha miguu bila mbao za kuiunganisha, akachukua donge dogo kutoka kwa mtoto, akaviringisha vijiti vyembamba, akavichomeka kila kimoja mahali pake kwa ukucha wa kidole gumba. Ulimi ulikuwa umetokeza pembeni mwa mdomo wake. Shivachi, aliyekuwa hajamwona baba yake akicheza tangu azaliwe, alisimama kando bila kujua aweke wapi mikono yake.

"Mzee," Amondi aliita kutoka kwenye karai lake la samaki, "ukimaliza hicho nitengenezee kabati."

"Lete mbao," Simeon alijibu bila kuinua macho.

Ndipo Mercyline, aliyekuwa akitengeneza meza yake nyekundu, alipoitazama, akaridhika nayo, akaing'ata pembe.

Simeon aliinuka ghafla hata kigoda kikaanguka. Alimpiga mtoto mkono, si kwa nguvu, lakini meza ilimtoka ikaanguka mavumbini. Kiti nacho kilimponyoka mwenyewe kutoka gotini, na kisigino cha kiatu chake kikakikanyaga.

"Bado anakula udongo!" alisema. "Na mmeniketisha hapa nimsaidie kuufinyanga."

Mercyline alianza kulia. Wakati huo pazia lilitikisika, na Sella, ambaye majibu yake yote mawili yalimtoroka, alisema lile la tatu ambalo hakulifanyia mazoezi. Alilisema moja kwa moja, pasipo kumpitisha mtoto.

"Si udongo, Baba. Ni unga. Nimeusonga mwenyewe kwa maji ya mrenda. Anauchezea, kisha anaula."

Hata mafuta ya Amondi yalionekana kupunguza sauti.

Simeon aliinua kigoda, akakisimamisha, lakini hakukikalia. "Unga," alisema.

"Ndiyo, Baba. Kosa ni langu. Leo sili ugali."

"Ni la nyumba yangu," Shivachi alisema. "Na mimi sili."

"Nyamazeni kwanza." Mzee aliinama akaokota mabaki ya kiti. Aliyanusa, akatia chembe ulimini, mchanga na yote. Akatafuna polepole kama mtu anayekagua gundi. "Yale anayochezea, hubaki?"

"Hayabaki, Baba. Hata yale ya kwanza yaliyoharibika niliyanywa uji."

"Wewe ulicheza nayo?"

"Mimi nilipika tu."

"Wewe, Shivachi?"

"Sijagusa. Niliogopa."

"Unga uliopikwa ukaliwa, huo ni chakula," Simeon alisema. Alisema taratibu, kama aliyekuwa akipanga mbao kabla ya kupigilia msumari. "Aliyeupika hakuuchezea. Mtoto aliutia kinywani, isipokuwa ule niliomwangushia mimi. Hapa kuna mtu mmoja tu aliyeufinya unga kwa anasa, asiule, kisha akaukanyaga."

Mercyline peke yake, machozi yakiwa bado mashavuni, alimwelekezea kidole. "Ni Guga."

"Ni Guga," Simeon alikubali. "Mwambie mama yako alete chakula."

Chakula kililetwa na Shivachi: ugali wa njano, mrenda, na samaki mmoja ambaye Amondi alimtoa bila malipo, akijifanya ameangalia kwingine. Simeon aliomba, akanawa. Akausogeza ugali upande wa mwanawe na mjukuu wake. Akala samaki. Mrenda ulimshinda kwa vidole, kwa kuwa mrenda usio na ugali hauna mahali pa kushikwa, akaomba kijiko kama mgonjwa, akaunywa mpaka mwisho.

"Onja kidogo tu, Baba," Shivachi alimsihi.

"Nilikunyima wewe ukiwa na miaka sita. Ulilia siku nzima. Nikionja sasa, nitakuwa nilikudhulumu."

Alipomaliza alimwita Mercyline, akampa kile kiberiti. Akamwambia kwamba yeye hatakipima tena; mama yake atakipima, akitaka. Kisha akasema, akiutazama ukuta kwa heshima asilitazame pazia, "Mwambie mama yako mtoto anakaa hapa. Na mwambie, donge lile likitiwa unga wa wimbi kidogo, miguu ya viti itasimama zaidi."

"Nimesikia, Baba," Sella alijibu.

Alirudi Kianda kwa miguu. Jioni Kavetsa alimwekea ugali mbele yake, mkubwa, unaofuka, na mboga za kunde. Simeon alichukua kunde, akauacha ugali ulipo. Mkewe alimtazama kwa muda mrefu. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona akiuacha.

"Umeugua?"

"Sikuugua."

Kavetsa alifikiri. Macho yake yakapanuka, kisha akaziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa. "Mzee," alisema kwa sauti iliyojaa kicheko alichokizuia kwa adabu, "ulitengeneza nini?"

"Kiti," Simeon alisema, akaendelea kula kunde.

Kavetsa akaufunika ugali kwa sinia, akauondoa mezani.